Alivua Kofia

Mtu akianza kulalamika mbele yangu kwamba watu wa siku hizi hawana heshima, huwa najitia nina kazi jikoni. Nikibaki nitamjibu, na nikimjibu tutakosana. Heshima naijua. Niliiona kwa macho yangu ikikata mguu wa mwanamke mmoja, kwenye barabara ya kuteremka kutoka Chawia kwenda Mwatate, jua limeshatoka, gari zima, breki nzima, dereva hajaonja hata tone la pombe. Na mpaka leo wako watu kule kwetu wanaoisimulia siku hiyo kama sifa.

Dereva alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Alikuwa na pikapu ya kubeba mboga. Alikusanya kabichi, nyanya na hoho kwa wakulima wa huku juu, akazishusha sokoni Voi, na nyingine akazipeleka kwenye mahoteli ya barabara kuu ambako madereva wa malori hula. Mimi nilimsaidia kuuza, kwa hiyo siku za soko niliketi mbele pamoja naye. Alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo mapema kwa sababu angekuwa mtu mbaya ningemsahau zamani na hasira ingeisha.

Mwishoni mwa miaka ya tisini akanunua simu ya mkono. Kwa upande wetu yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza. Ilikuwa nene kama kipande cha sabuni ya kufulia, ina eriali fupi juu, na aliifunga kwenye mshipi ndani ya kifuko cha ngozi. Tangu siku hiyo shati lake likawa limechomekwa upande mmoja tu, ule mwingine umeinuliwa ili kifuko kionekane. Kanisani aliisimamisha simu kando ya kitabu cha nyimbo kama vile Mungu naye angeweza kupiga. Tulimcheka, na yeye mwenyewe alicheka pamoja nasi.

Taabu ni kwamba nyumbani haikushika netiweki. Mlingoti ulikuwa mbali huko Voi, na milima ilikuwa imesimama katikati. Alipanda juu ya mawe, akapanda paa la zizi la ng'ombe, akamwinua mwanawe begani aishikilie juu, wapi. Mahali pa kwanza iliposhika ni ukishaanza kuteremka, kwenye kona moja kali ambapo mlima unaachia ghafla na unaiona nyika yote iliyotandazwa chini mpaka Voi, na mbuga nyuma yake. Ukifika hapo simu inaamka. Kila aliyekuwa akikutafuta tangu jana anakupata hapo, kwa pamoja.

Sasa hebu fikirini. Barabara nzima ile, mahali palipotaka mikono miwili na macho mawili kuliko pengine popote, ndipo hapo hapo simu ilipolia. Ungemtuma mtu apange maafa asingepanga vizuri hivyo. Wengine waliokuja kununua simu baadaye walijifunza kusimama pale kwanza, waongee, wamalize, ndipo waendelee. Shemeji hakusimama. Alisema kusimamisha gari lenye mzigo kwenye mteremko kunakula breki, na nyanya hazingoji. Alishika simu kwa mkono mmoja na usukani kwa mwingine, na gia ikitaka kubadilishwa alishikilia usukani kwa goti. Nilimsema sana. Akaniambia, "Shemeji, hii barabara naijua hata nikifumba macho." Nikamwambia siku akitaka kujaribu kufumba anishushe kwanza. Akacheka. Wanaume wa aina hii huwezi kuwatisha, maana jana walifanya vivyo hivyo na wakafika.

Kwenye kona hiyo aliketi mama mmoja akiuza ndizi na maparachichi. Alikuwa mjane, jirani yetu wa upande wa bonde. Zamani aliuzia karibu na shule, lakini alipoona watu wanasimama kwenye kona kuongea na simu akahamia huko, na biashara yake ikachangamka. Hakukaa barabarani. Alikaa ng'ambo ya mtaro, juu ya jiwe pana, bidhaa zake zikiwa zimepangwa kwenye gunia mbele yake. Mtu yeyote aliyepita pale anajua hivyo, na nataka ikae hapa kwenye karatasi, kwa sababu baadaye watu walijaribu kulihamisha jiwe lile kwa midomo yao.

Shamba lake lilikuwa chini kabisa, kwenye matuta yaliyobandikwa kwenye mteremko kama ngazi. Kwetu mashamba mengi yako hivyo. Huko hakufiki gari wala punda. Unafika kwa miguu miwili yenye nguvu, unateremka mikono mitupu, unapanda na mkungu mgongoni. Alikuwa na watoto wanaosoma na hakuwa na ndugu wa kumlimia. Kwa hiyo mtu anaponiambia, basi si alipona, angalau hakufa, damu hunichemka. Mwanamke wa milimani ukimwondolea mguu umemwondolea na shamba.

Kabla sijafika kwenye siku yenyewe lazima nieleze jambo moja la kwetu. Mume wa binti hazoeani na baba mkwe wake. Hafanyi mzaha mbele yake, hakatizi maneno yake, na hasimami mbele yake na kofia kichwani. Baba yangu alikuwa mkali sana kwa haya. Binamu yetu mmoja aliolewa na kijana wa mjini aliyemsalimia baba akiwa amevaa kofia, na baba hakuitikia salamu hiyo mpaka kijana alipokonyezwa. Shemeji yangu hakuwahi kukosea. Kofia yake ilianza kutoka kichwani akiwa bado yuko langoni. Baba alimpenda kwa hilo, akamwita mwanangu.

Siku hiyo baba alikuwa Voi. Alikuwa ameteremka jana yake kwa shughuli zake, akalala kwa rafiki yake wa miaka mingi, mzee wa Kiislamu wa asili ya pwani mwenye duka karibu na msikiti. Dukani mlikuwa na simu ya waya. Asubuhi mwenye duka akamwambia, mzee mwenzangu, si mkweo ana simu, mbona humpigii? Baba hakuwa amewahi kumpigia mtu simu maishani mwake. Akapigiwa, akapewa mkonga wa simu.

Sisi tulikuwa njiani. Kabichi zilikuwa zimepita kimo cha paa la pikapu, na mimi nilikuwa nimepakata trei ya mayai. Tulipoingia kwenye kona simu ikalia. Shemeji akaichomoa kwa mkono wa kulia akaiweka sikioni, wa kushoto ukabaki kwenye usukani. Akaita haloo kwa ile sauti yake ya biashara. Halafu nikaona sura imebadilika. Mgongo ukanyooka, sauti ikashuka.

"Shikamoo, baba," akasema.

Na mkono wa kushoto ukaachia usukani, ukapanda kichwani, ukavua kofia.

Nitarudia, kwa sababu najua kuna atakayedhani amesoma vibaya. Mkono mmoja una simu. Mkono wa pili una kofia. Gari limejaa mzigo, linateremka, liko kwenye kona. Baba yangu yuko Voi, ng'ambo ya nyika nzima, amesimama mbele ya kaunta ya duka, haoni kofia wala kichwa kilichoivaa. Na mkwe wake anampa heshima yake yote, ameinama kidogo, macho yanatazama magoti.

Nilipiga ukelele, nikatupa mayai, nikaushika usukani. Gari lilikuwa limeshavuka mtaro. Yule mama alikuwa amesikia, akainuka, akajitupa nyuma. Mwili wake ulipita. Mguu wa kulia haukupita. Ulibanwa kati ya gurudumu na lile jiwe alilokuwa akikalia.

Sitaeleza alivyolia. Nitaeleza kile ambacho sijawahi kukisamehe. Simu ilikuwa imeanguka chini ya kiti, ndani ya mayai yaliyovunjika, na haikukatika. Wakati mimi natafuta namna ya kufungua mlango nilimsikia baba. Aliuliza kama watoto wameamka salama. Akanyamaza kidogo, akingoja aitikiwe, kama adabu inavyotaka. Akauliza kama mvua imenyesha. Akanyamaza. Akauliza kama yule ng'ombe amezaa. Salamu za kwetu ni ndefu, na baba hakuwa mtu wa kuzifupisha.

Gari la kwanza lililotokea lilimchukua yule mama mpaka hospitalini Voi. Huko mguu ulikatwa, juu ya goti.

Nimefikiria jambo hili kwa miaka mingi, na mtu asije akaniambia kwamba tatizo lilikuwa mkono. Siku hizi kuna vitu vya kuchomeka masikioni, watu wanaendesha wakiongea peke yao kama wenye pepo, na wanakwambia kwa kujiamini kwamba mikono yao yote iko kwenye usukani. Haya. Mkono wa shemeji pia ulikuwa kwenye usukani mpaka alipojua ni nani anayeongea. Simu haikuchukua mkono wake kwanza. Ilimchukua yeye. Mwili ulikuwa juu ya kona ya Chawia, lakini mwenyewe alikuwa ameshafika Voi, amesimama ndani ya duka mbele ya baba mkwe, na huko dukani hakukuwa na kona wala mtaro wala mwanamke wa ndizi. Mtu aliye Voi hawezi kuendesha gari lililo Chawia.

Askari alipokuja kuuliza, shemeji alisema breki zilikataa kushika. Askari akaandika breki. Mimi nilikuwa hospitalini na yule mama, sikuulizwa. Niliporudi nyumbani habari ilikuwa imeshaota miguu. Wa kwanza walisema breki, wengine wakaongeza mbuzi aliyekatiza, na kufikia Jumapili nilisikia kanisani kwamba mama yule alikuwa amekaa vibaya, amenyoosha miguu barabarani. Hapo nikapandwa na mori. Amenyoosha miguu barabarani! Hata jiwe lenyewe kama lingekuwa na mdomo lingewatukana.

Nilikwenda kwa baba nikamweleza kila kitu, kuanzia simu ilivyolia. Nilidhani atashtuka. Alisikiliza, na nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu.

"Alivua kofia? Ndani ya gari, na hakuna mtu anayemwona?"

Nikasema ndiyo. Na nikaona uso wa baba yangu umelainika. Alifurahi. Alijaribu kuficha, akakohoa, akasema mambo ya Mungu, lakini mimi ni mtoto wake na uso ule naujua. Siku chache baadaye wazee wenzake walikuwa nayo habari hiyo, wanatikisa vichwa kwa kustaajabu, kwamba huyo ndiye mkwe, wengine wanaheshimu wakionekana tu. Basi zikawa habari mbili. Nje, kwa askari na kwa majirani wa bondeni, ilikuwa breki. Ndani, kwenye sebule yetu, ilikuwa kofia. Na watu wale wale waliweza kuzisimulia zote mbili kwa siku moja, bila haya wala kigugumizi.

Dada yangu alinijia akilia. Alijua ningesema, amenijua tangu utotoni. "Ukisema, atanyang'anywa leseni," akaniambia. "Watoto wangu watakula nini?" Nikamuuliza watoto wa mwenye mguu wanakula nini. Hatukusalimiana kwa muda mrefu baada ya hapo, na nilimpenda kuliko ndugu zangu wote.

Yule mama aliporudi nyumbani na magongo, wazee wa kwetu wakapanga kwenda kumwona. Ulikuwa ni ujumbe wa suluhu. Walichukua mbuzi, blanketi na sukari, na wakaomba afanye kutasa. Hii ni desturi ya Wadawida, yaani sisi Wataita, ya tangu zamani, na hata watu wa kanisa hawajaiacha. Mtu aliyekosewa anapewa kinywaji, anajaza kinywa, anatamka kwamba moyo wake umepoa, kisha anakitema kwa kukipuliza chini. Hasira inatoka pamoja nacho. Akishatema, neno limekwisha na hakuna anayeruhusiwa kulifufua. Asipotema, hasira yake inabaki hai, na kwetu inaaminika itamtafuta aliyekosa, itafika kwa watoto wake na mifugo yake hata kama mwenyewe hamtakii mabaya. Kwa hiyo wazee hawakuwa wanakwenda kwa ajili ya mguu. Walikwenda kwa ajili ya usingizi wao.

Nilikwenda nao kama mbeba sukari. Tuliketi uani kwake, juu ya lile shamba. Ndizi zilionekana kule chini, majani makavu yananing'inia kwa sababu hakuna wa kuyakata. Yeye aliwekwa kwenye kiti, magongo yameegemezwa ukutani, kanga imefunika pale palipobaki. Shemeji aliketi mwisho wa benchi, amekonda, haangalii mtu. Mzee aliyeongoza akazungumza kwa ufasaha. Akasema pole, akasema ni bahati mbaya, akasema vyuma havina masikio, breki zikikataa zimekataa. Baba akaitikia. Wote wakaitikia. Niliona mama yule anaanza kukubali, kwa sababu hakuwa na habari nyingine. Hata yeye mwenyewe, alituambia, alikuwa amejiuliza kitandani kama kweli alikaa karibu mno na barabara.

Niliposikia hivyo nikasimama. Baba akaniambia niketi. Sikuketi.

"Mama, ulikaa mahali pako," nikamwambia. "Breki zilikuwa nzima. Alikuwa anaongea na simu, na alipojua ni baba yangu akaachia usukani akavua kofia."

Mzee aliyeongoza akautazama mkongojo wake. Nilingoja shemeji akanushe, na nitampa haki yake hapa: hakukanusha. Alisema taratibu kwamba ndivyo ilivyokuwa, akajifunika uso kwa mikono. Yeye pekee kati ya wanaume wale ndiye aliyeona aibu.

Yule mama hakunitazama mimi wala hakumtazama shemeji. Alimgeukia baba. Akamuuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za safari, "Mzee, hiyo simu ilikuwa ya nini?"

Baba yangu alikuwa na makosa yake, lakini uongo wa kujibu ana kwa ana hakuuweza. Aliangalia pembeni. Akasafisha koo. Kila mtu pale uani alikuwa anangoja, na nadhani hata yeye alikuwa anatafuta jibu kubwa zaidi, ugonjwa au msiba, kitu kinachoweza kupimwa na mguu wa mtu.

"Nilitaka kumwambia nimefika salama," akasema.

Mama yule aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama aliyeelewa. Mzee aliyeongoza akaona bora mambo yaishe haraka. Akachota maji ya muwa kwa kata, akampa kwa mikono miwili, akamkumbusha maneno ya kusema. Aseme hakuna kitu moyoni, kisha ateme. Wazee wakainamisha vichwa wakiwa tayari kuitikia.

Aliipokea kata, akajaza kinywa mpaka mashavu yakatuna. Akamtazama baba, akamtazama shemeji, akatazama chini shambani. Sote tulikuwa tunangoja ateme.

Akameza. Akanywa na yaliyobaki, taratibu, mpaka mwisho, akamrudishia mzee kata ikiwa tupu.